Matukio Mia Mbili na Kumi na Manne

Helmeti ilimsoma Tusekile kichwani kwa sekunde tisa, kisha ikamkataa. Ilimkataa kwa sauti ya kike, laini, iliyofundishwa adabu kiwandani, mbele ya watu thelathini waliopanga foleni nyuma yake.

"Tusekile Mwakyoma, miaka ishirini na mmoja. Matukio mia mbili na kumi na manne katika siku arobaini za majaribio. Kiwango cha shari, themanini na saba. Bima imekataliwa. Asante kwa kuchagua Bima ya Mwavulini."

Tusekile aliivua, akaiweka juu ya kaunta kwa kishindo. Nyuma ya kioo alikaa Bwana Osia Mwampashi, mtumishi pekee wa nyama na damu katika ukumbi ule. Kazi yake kubwa ilikuwa kurudia kwa mdomo wake yale ambayo mashine imekwisha kuyasema, ili watu wapate mtu wa kumkasirikia.

"Bima imekataliwa, dada," alirudia.

"Nimesikia. Matukio mia mbili ya nini? Mimi sijaanguka hata mara moja."

"Mfumo umeona matukio."

"Yataje."

"Si kazi yangu kuyataja. Kazi yangu ni kukupa fomu." Akaisukuma fomu chini ya kioo. "Una nafasi moja ya kupimwa tena, siku kumi na nne. Ukishindwa hapo, utasubiri mpaka ufikishe miaka ishirini na mitano. Anayefuata!"

Foleni nzima ilikuwa ya vijana. Wazee hawakuiona foleni hiyo. Wao walikuwa na mlango wao upande wa pili, wenye viti vya sofa na birika la chai, na waliingia na kutoka kabla hata chai haijamiminwa.

Huo ulikuwa mwaka wa elfu mbili na themanini na nne. Treni za sumaku zilitoka Mbeya asubuhi na kufika Dar es Salaam kabla ya saa nne, na vibebahewa, vile vyombo vidogo virukavyo bila rubani, vilipeleka mizigo mpaka kwenye madirisha ya watu. Lakini ukiteremka kutoka Uyole kuelekea Tukuyu ukungu huanza, halafu mvua, halafu ukungu tena, na vibebahewa hupotea humo na kuangukia migomba ya watu. Kwa hiyo katika milima ya Rungwe pikipiki ilibaki kuwa mfalme. Ilikuwa ya umeme, haina kelele, na ilifungwa kitasa-bima katika injini yake. Kitasa hicho kilimtambua mtu na si chombo. Ukikaa juu ya kiti bila bima yako mwenyewe, pikipiki inakuwa sawa na kochi.

Tusekile alikuwa na kazi inayomsubiri. Alikuwa amesomea kwa miaka miwili ufundi wa matangi ya kupoza maziwa, na ushirika wa wafugaji ulikuwa umemchagua kati ya watu tisini. Matangi yenyewe yalikuwa arobaini, yametawanyika katika vilima ambavyo gari halifiki. Tangi likizimika saa tatu tu, maziwa ya kijiji kizima huchachuka, na wafugaji huyamwaga mtaroni huku wakitukana. Fundi asiye na pikipiki hana kazi hapo. Ushirika ulimwekea nafasi yake mpaka mwisho wa mwezi, na mwisho wa mwezi ulikuwa umebakiza siku kumi na saba.

Alirudi Igawilo kwa miguu, akiwa na hasira ya kuweza kupasua jiwe. Nyumbani alimkuta baba yake, Mzee Ambakisye, akinyoosha kwa nyundo mkono wa kioo cha pembeni cha pikipiki yake nyekundu. Mzee alikuwa na miaka sitini na sita, mstaafu wa kiwanda cha chai, mjane, mcheshi, na aliendesha kama mtu anayefukuzwa na nyuki. Katika mwaka ule mmoja alikuwa ameingia mtaroni mara tatu. Kiwango chake cha shari kilikuwa nne.

"Wamekunyima?" aliuliza.

"Wamesema nina matukio mia mbili na kumi na manne."

Mzee akapiga mluzi. "Hata mimi sijafika huko."

"Baba, wewe ulianguka juzi!"

"Sikuanguka. Nilishuka ghafla." Akacheka, lakini alipoona binti yake hacheki, akaiweka nyundo chini. "Mwanangu, hata mimi nashangaa. Nilikwenda pale, nikakaa kwenye sofa, nikapewa bima siku hiyo hiyo. Labda mashine inapenda mvi. Rudi ukawaulize. Usiondoke mpaka wakujibu."

Kesho yake akarudi. Sheria ilikuwa upande wake: kila aliyekataliwa ana haki ya kusikilizishwa alichohukumiwa nacho. Bwana Osia alimwambia aje kesho. Alipokuja kesho alimwambia mtambo wa kusikilizia una hitilafu. Siku ya tatu Tusekile alishika kingo za kaunta kwa mikono miwili, akamwambia kwamba leo haondoki, na kama anataka kuita polisi awaite, watasikiliza wote kwa pamoja. Foleni ikaanza kuguna. Mtu mmoja nyuma akapaza sauti, "Msikilizishe, bwana! Sote tunataka kujua!" Bwana Osia akatazama huku na huku, akatoa spika ndogo, akaibandika kwenye kioo.

Ilianza kwa sauti ya mvua. Kisha ikasikika sauti ya mwanamume, mchangamfu, ya mtu aliyesimama kando ya barabara: "Pole na safari, dada."

Spika ikalia *tii*. "Tukio dogo," ikasema.

"Pole na mvua."

*Tii.* "Tukio dogo."

"Pole na kazi, mwanangu."

*Tii.* "Tukio dogo."

Tusekile alisikiliza pole ishirini bila kuelewa. Kisha ikaja sauti aliyoijua vizuri, ya Bibi Subilaga, mwanamke wa zaidi ya miaka sabini aliyeuza magimbi na ndizi pale Kiwira. Alikuwa amemwona Tusekile siku moja amelowa chapachapa. "Weee! Pole! Pole sana mjukuu wangu! Jamani, pole, pole, njoo uote moto!"

*Tii, tii, tii.* "Tukio kali. Uwezekano wa kuvunjika mifupa."

Kuna mtu kwenye foleni aliyeangua kicheko, na wengine wakamfuata. Hata Tusekile alicheka kidogo. Kisha akasogea karibu na kioo.

"Bwana Osia," alisema taratibu, "hizo ni pole za salamu."

"Najua."

"Mnajua?"

Bwana Osia akajikuna shingo. Aliongea sasa kwa sauti ya chini, kama mtu anayesoma maandishi asiyoyapenda. "Helmeti zamani ilikuwa inahisi mtikisiko. Lakini barabara za huku zina mashimo, ikawa inapiga kelele za uongo mchana kutwa, gari la wagonjwa linakuja linakuta mtu anakula mahindi. Basi hisia ya mtikisiko ikazimwa, mfumo ukaachiwa masikio. Ukafundishwa kwa rekodi elfu tisini za ajali za kweli. Na katika kila ajali ya Tanzania, neno linalosikika kuliko yote ni hilo."

"Na baba yangu je? Yeye naye hupewa pole. Anapewa kila siku!"

"Mzee huamkiwa kwanza. Shikamoo, marahaba, ndipo pole. Mwaka wa kwanza wazee walilalamika, na wazee wakilalamika wanasikilizwa. Mfumo ukaelekezwa kwamba pole iliyotanguliwa na shikamoo na marahaba yake ni adabu tu, isihesabiwe."

"Na ya kwetu?"

"Ya kwenu haina shikamoo mbele yake. Inahesabiwa."

"Kwa hiyo mnajua kwamba mnatunyima bima kwa sababu watu wana adabu kwetu."

"Vijana hawajawahi kulalamika rasmi."

"Mimi hapa nalalamika!"

"Jaza fomu. Hujibiwa ndani ya miezi kumi na minane." Akaibandua spika. Halafu, labda kwa sababu moyo wake haukuwa mbaya wote, akaongeza, "Waambie watu wasikupe pole, dada. Siku kumi na nne si nyingi."

Tusekile alitoka mle kwa hatua ndefu. Angepewa nyundo ya baba yake saa ile, angelivunja lile jengo kioo kimoja kimoja. Lakini hakuwa na nyundo. Alikuwa na siku kumi na nne. Aliazima pikipiki ya majaribio, akanunua koti la mvua la manjano, akaandika mgongoni na kifuani kwa rangi nyeusi: USINIPE POLE.

Asiyeishi katika milima ile hawezi kujua ni matusi ya namna gani hayo. Ukikutana na mtu amebeba kuni, humwambii habari, unampa pole. Ukimkuta amekaa kivulini anapumzika, unampa pole ya kupumzika. Aliyejikwaa, aliyefiwa, aliyechelewa, aliyetoka shamba, wote unawapa, na mtu asiyepewa huenda nyumbani akijiuliza amekosa nini. Kumwambia mtu asikupe pole ni kumwambia asikuone.

"Huyu mtoto ana nini?" walisema watu wa Isyonje. Mwalimu mmoja wa shule ya msingi, mtu mpole aliyezoea kumpungia mkono kila asubuhi, alisahau koti akaanza, "Po—"

"Nyamaza!" Tusekile alipiga kelele, akapita.

Alimwona kwenye kioo cha pembeni amesimama barabarani na mkono wake bado uko juu. Alitaka kugeuza akamwombe radhi, lakini akiomba radhi mwalimu angejibu kwa lile lile neno, na helmeti ilikuwa inasikiliza. Akaendelea na safari.

Pale Kiwira alisimama mwenyewe, akavua helmeti, akaiacha kwenye pikipiki, akatembea hatua hamsini mpaka kwenye banda la Bibi Subilaga ili wazungumze bila kusikiwa. Akamwamkia, akamweleza yote: pole, matukio, shikamoo ya wazee, siku kumi na nne.

Bibi Subilaga alikuwa akimenya gimbi. Hakuacha kumenya.

"Kwa hiyo mimi ndiye niliyekuvunja mifupa," alisema.

"Si wewe, bibi. Ni mashine."

"Mdomo ni wangu." Akalitupa gimbi ndani ya sufuria. "Nimewapa watu pole tangu sijaota meno ya pili. Nilimpa mama yako alipokuzaa, nikampa baba yako mama yako alipokufa. Leo naambiwa nifunge mdomo nikikuona umelowa."

"Ni kwa siku kumi na nne tu."

"Halafu?"

Tusekile alijua jibu. Mkataba wa Mwavulini ulisema helmeti ikae ndani ya hatua kumi za mwenye bima, kazini na nyumbani, mwaka mzima, isipokuwa wakati wa majaribio. Anayeiacha amejifutia bima mwenyewe.

"Nenda zako," alisema Bibi Subilaga. "Sitasema kitu. Utapita hapa kama mbwa apitavyo."

Maneno hayo yalimchoma, na alistahili kuchomwa. Lakini bibi alishika ahadi yake. Wengine nao wakashika, baadhi kwa huruma, wengi kwa kununa. Siku ya kumi na nne helmeti ilihesabu matukio mawili tu, yote ya mgeni kutoka Njombe asiyejua kusoma koti la mtu. Kiwango cha shari kilikuwa kumi na tisa. Bwana Osia alipiga muhuri bila kuinua macho.

Tusekile akapata bima, na kwa bima akapata kazi. Matangi arobaini yakawa yake, na aliyapenda. Alipenda kufika mahali ambapo watu wamesimama na ndoo mikononi wakiwa wamekata tamaa, akafungua kifuniko, akabadilisha kidude kimoja cha ukubwa wa kidole, na tangi likaanza kunguruma tena. Walimshukuru. Walimpa maziwa ya mtindi. Walikuwa wakifungua mdomo ili waongeze neno lile jingine, wakaangalia helmeti kiunoni pake, wakafunga mdomo.

Vijana wengine waliona alivyofanikiwa, wakaiga. Miezi miwili baadaye makoti ya manjano yalikuwa ishirini kati ya Uyole na Tukuyu. Baada ya miezi mitano hapakuwa na haja ya koti, kwani watu walikwisha kuzoea. Mtu mwenye umri wa chini ya miaka ishirini na mitano hapewi pole, basi. Akipita na mzigo anatazamwa. Akilia anaambiwa "haya." Watoto wadogo walikua wakidhani ndivyo ilivyokuwa siku zote. Bibi Subilaga alipomwona Tusekile alimtupia kichane cha ndizi kwenye pikipiki na kugeuka kando. Tusekile alisema asante.

Kisha ukafika Aprili, mwezi ambao mvua ya Rungwe hainyeshi, bali inamwagwa. Ilikuwa yapata saa tano asubuhi. Tusekile alikuwa juu ya kilima, kichwa kikiwa ndani ya tangi, wakati Mzee Ambakisye alipoichukua kona ya juu ya Kiwira kwa mwendo wake ule ule. Pikipiki nyekundu ilikwenda upande wake na mzee akaenda upande wake. Huu ulikuwa mtaro wa nne.

Wachuma chai wawili, Anyesi na dada yake Tumaini, walimwona kutoka shambani, wakatupa vikapu wakakimbia. Ni wao wenyewe waliomsimulia Tusekile baadaye, wakipokezana, na hawakumficha kitu. Walimkuta amelala chali, macho wazi, helmeti kichwani, taa yake ya kijani inawaka. Walipiga magoti kando yake. Na kwa sababu alikuwa mtu mzima, mwenye mvi, na kwa sababu wao walilelewa na wazazi, walifanya kama walivyofunzwa.

"Shikamoo, mzee," walisema.

"Marahaba," alijibu. Sauti yake ilikuwa ndogo, lakini alijibu.

"Pole, mzee. Pole sana. Umeumia wapi?"

Alisema kifua. Wakampa pole tena na tena. Walikata jani la mgomba wakamkinga mvua. Wakati huo wote waliitazama taa ya helmeti wakisubiri igeuke nyekundu, kwa sababu kila mtu alijua, ilibandikwa kwenye kila nguzo, kwamba helmeti ya Mwavulini, ikishapita majaribio, huita gari la wagonjwa yenyewe likitokea tukio kali, na kwamba raia wasipige simu kwa hofu wakaleta msongamano. Walisubiri. Mzee Ambakisye aliwauliza wao ni watoto wa nani. Wakamtajia baba yao. Akasema alikuwa akimjua, walifanya kazi pamoja kiwandani.

Taa ilibaki ya kijani. Helmeti ilisikia shikamoo, ikasikia marahaba, ikasikia pole hamsini na kitu, na ikazitambua zote kuwa ni adabu.

Baada ya dakika arobaini Tumaini alikimbia barabarani akasimamisha lori la ndizi. Wakampakia. Lilipofika hospitali, Anyesi alikuwa bado ameshikilia lile jani juu ya uso wake.

Kesho yake Mwavulini walituma barua, kwa kuwa mfumo hutuma barua kila mkataba unapokwisha. Iliandikwa kwamba marehemu alikuwa mteja wa daraja la kwanza, na kwamba siku ya kufariki kwake rekodi haionyeshi tukio lolote.

Msiba uliwekwa Igawilo. Wanaume walikaa nje chini ya turubai, wanawake ndani juu ya mikeka. Tusekile alikaa katikati, amejifunga kanga, miguu ameinyoosha. Helmeti yake ilikuwa pembeni ya mlango, ndani ya hatua kumi, taa ya kijani. Siku mbili zilikuwa zimepita na hakuwa ametoa chozi. Shangazi zake walinong'onezana kwamba amekuwa jiwe. Hakuwa jiwe. Alikuwa na hasira iliyoziba kila mahali, na huzuni haikupata pa kupenyea.

Watu waliingia. Walikuja wafugaji wa vilima vyote arobaini, akaja yule mwalimu wa Isyonje. Kila mmoja aliinama, akaushika mkono wake kwa mikono miwili, akafungua mdomo, akaiona helmeti, akafunga mdomo. Wengine walisema "haya." Wengine walibana mkono tu. Walikuwa wakimlindia kazi yake. Alilijua hilo, na alitamani kuwapigia kelele wote.

Siku ya tatu kabla ya adhuhuri aliingia Bibi Subilaga. Alikuwa ametembea kutoka Kiwira, na kanga yake ilikuwa na matope mpaka magotini. Wanawake walimpisha akapita. Alifika mbele ya Tusekile, akasimama, akamtazama sana. Kisha yule mwanamke wa zaidi ya miaka sabini akashika ukuta, akapiga goti moja, akapiga la pili, akainamisha kichwa.

"Shikamoo," alimwambia Tusekile.

Chumba kizima kilishtuka. Shangazi mmoja alisema "Yesu wangu!" na kujiziba mdomo. Kwenye helmeti taa ya kijani ilianza kupepesa polepole, kama ifanyavyo inaposubiri itikio.

"Bibi, unafanya nini?" Tusekile aliuliza.

"Itikia, mjukuu wangu," alisema Bibi Subilaga, macho yake chini. "Uliniambia mwenyewe. Ukishaamkiwa na ukaitika, haihesabu. Itikia, ili nami nikupe pole yangu. Siwezi kurudi nayo Kiwira."

Neno lilikuwa fupi. Angelisema, bima ingebaki, na matangi yangebaki, na wengine wote pale wangejua la kufanya: wazee wangepanga foleni kumpigia magoti mtoto wa miaka ishirini na mmoja ili waruhusiwe kumhurumia. Tusekile aliliona hilo lote mbele yake.

Akainuka. Akamshika bibi viwiko, akamnyanyua, akamkalisha mahali pake kwenye mkeka. Kisha yeye ndiye aliyepiga magoti.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba."

"Usiniamkie tena maishani mwako. Nipe hivyo hivyo."

"Lile lidude la mlangoni linasikia."

"Lisikie."

"Na kazi yako?"

"Bibi, nipe pole yangu!"

Bibi Subilaga akamkamata kichwa, akakilaza kifuani pake. "Pole," alisema. "Pole, mjukuu wangu. Pole sana. Weee, pole, mwana wa Ambakisye, pole."

"Tukio dogo," ilisema ile sauti laini kutoka mlangoni. "Tukio la kati."

Ndipo chumba kikafumuka. Shangazi zake, wafugaji, Anyesi na Tumaini, mwalimu aliyekuwa mlangoni, wote walisema kwa wakati mmoja, na wale wa nje waliposikia wakasema kupitia madirisha. Pole iliyokuwa imefungiwa kwa miezi yote ile ilimwagika yote pale, na Tusekile alilia kwa sauti, alilia mpaka kanga ya bibi ikalowa. "Tukio kali," helmeti iliendelea kusema. "Tukio kali. Tukio kali." Haikuwa na kosa. Tangu ilipovalishwa kichwani kwake, hii ilikuwa mara ya kwanza kusema kweli. Nje, uani, kitasa-bima cha pikipiki yake kikajifunga.

Hawakusikia king'ora mpaka kilipofika uani. Gari jeupe lilisimama kando ya turubai, wakaruka vijana wawili wenye machela na sanduku la dawa, wakasukuma watu, wakaingia mpaka ndani.

"Tumeitwa na helmeti," alisema wa mbele, akihema. "Majeruhi yuko wapi?"

Wanawake walitazamana. Bibi Subilaga alimnyooshea kidole yule aliyekuwa kifuani pake.

"Ni huyu hapa," alisema.

Tusekile aliinua uso. Macho yalikuwa yamemvimba, na sauti yake ilitoka kwa shida.

"Mmetumia dakika ngapi kufika?"

Kijana alitazama saa ya mkononi mwake.

"Kumi na moja," alijibu, kwa fahari kidogo.